Jinsi ya Kuzuru Uwanja wa Vita wa Salaita kwa Siku Moja, Ukiwa na Mwongozaji

Ukitoka Voi kwenda Taveta, kusini mwa Kenya, muda mfupi kabla hujafika mjini, kuna kilima kidogo kimejiinamia nyikani kama mgongo wa kobe. Abiria wa matatu hawakitazami mara mbili. Mimi mwenyewe nilikipita mara kadhaa nikiwa nimesinzia. Hicho ndicho Salaita. Tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Waingereza lenye watu wapatao 6,000, wengi wao Waafrika Kusini waliokuwa ndio kwanza wamefika Afrika Mashariki, lilikivamia asubuhi ili kuwang'oa Wajerumani. Kufikia alasiri lilikuwa linarudi nyuma mbiombio, limepoteza zaidi ya watu 170 kwa kufa, kujeruhiwa na kupotea.

Siku moja inatosha kuyaona haya, mradi upange vizuri. Usipopanga utashinda garini, utasimamishwa mbele ya vibao, upigwe picha, urudi Voi usiku na mavumbi mengi kuliko maarifa. Ziara yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, na yaliyo hapa chini niliyajua baada ya kuirudia.

1. Soma kidogo kabla ya kwenda

Huhitaji shahada ya historia. Inakutosha kujua nani alikuwa wapi, na kwa nini.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza Agosti 1914, mpaka kati ya himaya ya Waingereza na Afrika Mashariki ya Wajerumani ulipita hapo Taveta, karibu ulipo leo. Wajerumani waliwahi. Tarehe 15 Agosti waliiteka Taveta, wakaweka ngome Salaita, na kutoka hapo wakawa wanatuma vikundi vidogo kwenda kulipua reli ya Uganda, ile ya Mombasa kwenda Nairobi. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua hawezi kuushinda Uingereza huku. Alichotaka ni kuwashughulisha Waingereza wengi iwezekanavyo, mbali na Ulaya.

Waingereza nao wakajibu kwa reli. Mwaka 1915 walianza kutandika njia kutoka Voi kuelekea Maktau, na baadaye wakaisukuma hadi Mbuyuni na kwingineko. Reli hiyo utaiona mara kwa mara kando ya barabara. Ilijengwa kwa ajili ya vita, wala si kwa ajili ya katani.

Jambo la mwisho la kushika kichwani ni maji. Nyika hii haina mto wa kutegemewa kati ya milima ya Taita na Taveta. Kila uamuzi wa makamanda hapa, ukiuchunguza, utakuta chini yake kuna swali la maji: watu watakunywa nini, na wanyama je? Ukilishika hilo, ramani yote inaanza kusema.

2. Chagua mwongozaji kwa maswali, usichague kwa gari

Hapa ndipo watu hukosea. Wanauliza gari ni la aina gani, lina kiyoyozi au halina, kisha wanalipa. Gari muhimu, sikatai, lakini gari halijui vita.

Mpigie simu mwongozaji mwenyewe, si ofisi tu, umuulize mambo machache. La kwanza: "Salaita tutapanda juu kwa miguu, au tutaangalia kutoka barabarani?" Akisita, mwache. La pili: "Mahandaki ya kweli ya Wajerumani yalikuwa wapi?" Anayejua atakwambia yalikuwa chini ya kilima, na nitaeleza hapo mbele kwa nini jibu hilo lina uzito. La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa: "Utanieleza nini kuhusu wapagazi?"

Vita hivi vilibebwa vichwani, hayo si mafumbo. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, malori yalikwama, kwa hiyo chakula, risasi na vipande vya mizinga vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya wanaume waliochukuliwa kutoka vijijini kote Afrika Mashariki, wengi wao kwa nguvu. Waliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Ndiyo maana Nairobi na Dar es Salaam zote zina mtaa wa jina hilo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na uchovu kuliko kwa risasi. Mwongozaji anayekuzungushia majina ya majenerali saa nane nzima bila kuwagusa hawa amekuuzia nusu ya ziara.

Kama unaweza, tafuta mwenyeji wa Taita au Taveta. Hawa wana masimulizi ya babu zao ambayo hutayakuta kwenye vibao. Kuna ile habari ya watu wa Kasigau, kwa mfano. Wajerumani walipoiteka Kasigau mwaka 1915, Waingereza waliwashuku wenyeji kwamba wamewasaidia adui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi, na waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao. Kasigau haimo kwenye njia ya siku hii, iko upande mwingine wa Voi, lakini uliza. Mzee mmoja aliyekuwa ametuongoza alizima injini kwanza ndipo akaanza kuisimulia.

3. Kubalianeni mapema, kwa maandishi

Ujumbe wa simu unatosha. Andika: saa ya kuondoka, vituo mtakavyosimama, nani analipia mafuta na chakula cha mwongozaji, na kama kuna kiingilio chochote njiani nani atakilipa. Sehemu ya barabara kati ya Maktau na Mbuyuni inapita ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Mkitaka kuchepuka kuingia ndani ya hifadhi kutazama wanyama, hiyo ni safari nyingine yenye ada zake, na ni bora mjue kabla ya kufika getini.

Lipa sehemu kwa M-Pesa, nyingine jioni. Niliwahi kulipa zote asubuhi. Ilipofika saa nane mchana mwongozaji akakumbuka ana msiba.

4. Cha kubeba

Maji, lita tatu kwa kila mtu, na usimwachie mwongozaji jukumu hilo. Viatu vilivyofunika vidole, maana nyika ya Salaita ni miba mitupu na baadhi yake hupenya soli ya raba. Suruali ndefu, kofia, kitambulisho. Darubini kama unayo, kwa sababu ukiwa juu ya kilima ndiyo itakayokuonyesha ukubwa wa uwanja. Ramani iliyopakuliwa kwenye simu, kwani mtandao hukatika.

Droni iache nyumbani, isipokuwa una kibali. Sheria ya Kenya inakitaka, na hapo uko karibu na mpaka na hifadhi ya wanyama kwa pamoja.

5. Anza na Salaita, malizia Voi

Waongozaji wengi huanza na makaburi ya Voi kwa sababu yapo karibu, kisha husogea kidogo kidogo hadi wanafika Salaita saa saba mchana, jua la utosini. Waombe wageuze. Ondokeni Voi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwende moja kwa moja. Ni kama kilomita 100, lami tupu siku hizi. Mtafika hewa ikiwa bado na ubaridi, na Kilimanjaro ikiwa bado haijajifunika mawingu.

Kabla ya kupanda, simameni chini upande wa mashariki, walikotokea washambuliaji. Tazama kilima. Kama ungekuwa jenerali, adui ungemweka wapi? Juu, bila shaka. Ndivyo alivyodhani Jenerali Malleson, aliyewaongoza Waingereza siku hiyo. Mizinga yake ilikipiga kilele asubuhi hiyo, udongo mwekundu ukaruka, na kila aliyekuwa akitazama kwa darubini aliridhika.

Kumbe kileleni hapakuwa na watu wa maana. Mahandaki ya juu yalikuwa ya kumpumbaza adui. Ya kweli yalichimbwa chini, miguuni mwa kilima, yakafunikwa kwa vichaka kiasi kwamba hata ukiwa hatua chache huyaoni. Isitoshe, Waingereza waliamini ngome ina watu wapatao 300. Ilikuwa na zaidi ya 1,300. Waafrika Kusini walitembea kuelekea kilima wakidhani mizinga imekwisha kuwafagilia njia, na rashasha zikawafungukia kutoka ardhini, mbele ya nyuso zao.

Mwambie mwongozaji akuonyeshe mabaki ya mahandaki hayo. Mengi leo ni mifereji ya kina cha magoti, imejaa majani makavu na mijusi. Shuka ndani ya mmoja, uchutame. Macho yakifika usawa wa ardhi, geuka utazame ulikotoka. Nilipofanya hivyo nilimwona mwenzangu aliyebaki karibu na gari waziwazi, kuanzia kofia hadi viatu. Yeye alikuwa ananiita kwa sauti kubwa aniulize niko wapi.

Hapo ndipo unapokielewa Salaita. Hakuna kibao kitakachokupa hicho, na ndiyo sababu nasisitiza kutembea.

Sasa pandeni juu. Si mlima, hata mtoto wa shule anakimudu, ila kivuli hakuna. Ukiwa kileleni, magharibi utaona kijani cha Taveta, mahali penye chemchemi na migomba, na mashariki utaona nyika kavu hadi upeo wa macho. Wajerumani walikuwa wamekalia upande wenye maji. Wenzao walipaswa kuvuka ukavu wote ule kuwafikia, na maji yao wenyewe yalivutwa kwa mabomba kutoka milima ya Bura.

Mwongozaji mzuri atakueleza hapa jinsi mambo yalivyoisha. Wajerumani walitoka mahandakini kufukuza, na kilichowaokoa Waafrika Kusini na kipigo kikubwa zaidi ni kikosi cha Wabaluchi, wanajeshi wa jeshi la Uhindi, waliosimama imara na kuwazuia adui. Husimuliwa kwamba Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau Wahindi hawa, na kwamba baada ya vita Wabaluchi waliwarudishia bunduki ya rashasha waliyoitelekeza wakikimbia, pamoja na ujumbe wa kejeli. Mwezi uliofuata, Jenerali Jan Smuts, kamanda mpya, hakurudia kosa la kugonga kilima uso kwa uso. Alizungusha askari wa farasi upande wa kaskazini kupitia Ziwa Chala, na Wajerumani wakaiacha Salaita wenyewe.

Tenga saa mbili na nusu kamili kwa ajili ya Salaita. Mwongozaji akianza kutazama saa, mkumbushe makubaliano.

Kuhusu mbuyu na hekaya nyingine

Lazima utaonyeshwa mbuyu. Utaambiwa kwamba mwanamke wa Kijerumani, mdunguaji hodari, alijificha ndani yake akiwaua Waingereza mmoja mmoja kulipiza kisasi cha mumewe, na kwamba matundu yale ni ya risasi zilizomtafuta. Sikiliza, inasimuliwa vizuri. Kisha umuulize mwongozaji taratibu: jina lake nani, na limeandikwa wapi? Hali kadhalika utaambiwa jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza la kuchinja, kwa sababu ya umwagaji damu ule. Mimi haya nayachukua kama ngano, na sioni ubaya wake. Ubaya ni pale mwongozaji anapozisimulia ngano na tarehe kwa sauti ileile, hata msikilizaji asijue lipi ni lipi.

6. Taveta na vilima vya Latema na Reata

Kutoka Salaita hadi mjini Taveta ni mwendo mfupi. Nenda kwanza kwenye makaburi ya kijeshi, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Mawe yamepangwa kwa mistari, nyasi zimekatwa. Soma majina polepole. Wengi ni vijana waliofia hapa kati ya Februari na Machi 1916.

Kisha uliza: na Waafrika wako wapi? Usimwonee haya mwongozaji, ni swali la haki. Mwezi Aprili 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Mpagazi aliyekufa njiani alizikwa pale alipoangukia, kama alizikwa. Nimewahi kuona mgeni amesimama katikati ya mistari ile ya mawe meupe akihesabu kwa kidole, halafu akageuka kutazama shamba la migomba lililo nje ya ua.

Kula mjini. Usiondoke Taveta bila kununua ndizi.

Baada ya chakula, mwongozaji akuonyeshe Latema na Reata, vilima viwili magharibi ya mji vyenye kipito katikati. Usiku wa tarehe 11 Machi 1916 palipiganwa hapo gizani, watu wakipapasana miambani. Kikosi cha tatu cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kilimpoteza kamanda wake. Askari Waafrika walikuwa pande zote mbili, na pande zote mbili Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini. Fikiria giza lile, na kelele za "Nani wewe?" zikitoka kila upande kwa lafudhi zilezile.

Kuvitazama kutoka chini kunatosha kwa ziara ya siku moja. Kuvipanda kunahitaji siku nyingine, na uko karibu mno na mpaka kujitembelea ovyo. Wanaotaka kuendelea hadi Moshi kupitia Holili wabebe hati ya kusafiria, na wapange kulala huko.

7. Kurudi: Mbuyuni, Maktau, Voi

Ondokeni Taveta kabla ya saa nane. Hii si hiari. Ndovu huvuka barabara ile hasa jioni, na ndovu usiku kwenye lami haonekani hadi taa zimgonge kifuani.

Mbuyuni simameni kwa dakika chache tu. Julai 1915 Malleson huyohuyo alishambulia hapa na kushindwa, kwa hiyo Salaita haikuwa mara yake ya kwanza. Cha kuonekana kwa macho ni kichache.

Maktau ina zaidi. Ilikuwa kambi kubwa ya Waingereza, na mwongozaji anayeijua atakuonyesha mabaki ya ngome na mahandaki, pamoja na makaburi ya wanajeshi wa Kihindi. Mkibaki na muda, pitieni pia hoteli moja ya eneo la Taita Hills iliyotenga sehemu ya makumbusho ya vita hivi, yenye picha na vyuma vilivyookotwa nyikani.

Kwa habari ya vyuma: utaviona. Ganda la risasi, kipande cha kopo, msumari wa reli. Mvua huvifukua kila mwaka. Tazama, piga picha, acha palepale. Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi wa taifa ya mwaka 2006, lakini hata bila sheria, ganda lililoachwa mahali pake linaonyesha mpiga risasi alisimama wapi. Likiwa kwenye kabati lako ni takataka ya shaba. Ukiona kitu kizito cha duara au chenye umbo la yai refu, usikiguse wala usikipige teke. Mwonyeshe mwongozaji, mwondoke, na polisi wajulishwe. Baruti ya karne iliyopita haina adabu.

Voi mtafika jua likiwa limelala, saa nzuri ya kutembea makaburini. Tafuteni kaburi la Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyepewa nishani ya Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alikuwa amejeruhiwa mguu na anabebwa kuondolewa, akakataa. Alitaka kubaki na majeruhi wengine ambao hawakuweza kuchukuliwa, akitumaini kuwaokoa. Wote waliachwa, naye akauawa.

Mwombe mwongozaji akueleze maneno ya hati ya nishani hiyo, maana yanasema Dartnell alijua kwamba askari weusi wa adui huwaua majeruhi. Ushujaa wake hauna shaka. Lakini kalamu iliyoandika hati ilikuwa ya upande mmoja, na askari wale weusi hawakuandika yao. Mwongozaji wangu wa pili, kijana wa Mwatate, aliyasoma maneno hayo kwenye simu yake kwa sauti, akanyamaza, kisha akasema, "Babu wa mama yangu alibeba mizigo ya hawa. Hatujui hata alipofia." Tukakaa pale hadi mtunza makaburi alipokuja kutuambia anafunga.

Malizia malipo yake kabla hajashuka garini. Ongeza kitu kama amekupandisha Salaita kwa miguu.